Ubongo Mizanini

Omukama Rumanyika wa Karagwe aliwalaki Wazungu wa kwanza kufika barazani kwake kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri. Ushahidi huo ameutoa mmoja wa wageni wenyewe, Mwingereza John Hanning Speke, aliyeingia Bweranyange pamoja na mwenzake James Grant mwezi wa Novemba 1861, baada ya safari ya zaidi ya mwaka mmoja tangu kuiacha pwani ya Bagamoyo. Sisi watu wa visiwani hatuna sababu ya kustaajabu. Misafara ya pembe ilikwisha kuifungua njia ya Karagwe kabla ya hapo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao ya mfalme. Na lugha yetu ilikwenda nao, ikipanda vilima mabegani mwa wapagazi. Mengi ambayo Speke aliyaelewa huko Bara yalimfikia kwa kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, mtumwa wa zamani aliyekwisha kuwa huru, ambaye aliongea na bwana wake Kihindustani na kuongea na wenyeji Kiswahili.

Mazungumzo ya mfalme na mgeni wake yanastahili kusomwa na kila mpenda ushairi. Rumanyika aliuliza kama jua linalochomoza leo ndilo lile lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Akauliza kama mwezi hugeuza sura yake ili kutucheka sisi wanadamu tulio huku chini. Mtu anayeuliza hivyo hahitaji cheti cha akili kutoka kwa yeyote. Lakini katika kitabu hicho hicho chenye maswali hayo, Speke anasimulia jinsi alivyomwendea shemeji yake mfalme, mmoja wa wanawake wa ukoo wa kifalme waliononeshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama, akampima kwa utepe kama afanyavyo fundi cherehani: mzingo wa mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31. Ili akubaliwe, ilimbidi naye amwonyeshe bibi huyo mikono na miguu yake mitupu. Ilikuwa biashara ya nipe nikupe, na pengine bibi alicheka zaidi ya alivyocheka Speke.

Kumpima mtu mkono si dhambi. Lililo zito ni lililofuata. Speke alizitazama nyuso za Rumanyika na ndugu zake, akaona ni za mviringo wa yai, macho ni makubwa, pua ni ndefu. Basi akakata shauri kwamba hiyo ni damu ya Uhabeshi. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 aliitengea nadharia hiyo sura nzima: kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu ni watu waliotoka kaskazini, mbari bora kuliko wakulima waliowatawala, na ubora huo unaonekana usoni. Hata mfalme mwenyewe alielezwa na Speke kwamba nasaba yake inapanda hadi kwa Mahabeshi na Mfalme Daudi. Hapakuwa na hati wala kaburi lililochimbuliwa. Palikuwa na pua.

Sasa na tuvuke bahari kidogo, kwani mwaka ule ule wa 1861 lilitokea Paris jambo linalohusiana moja kwa moja na habari hii. Mwezi wa Aprili daktari Paul Broca alipasua fuvu la mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja tu, "tan", ingawa aliyafahamu aliyoambiwa. Broca aliukuta ubongo wake umeharibika mahali maalumu, upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa mara ya kwanza ilionyeshwa kwa ushahidi wa kukubalika kwamba usemi una makazi yake. Kwa mtu anayeishi kwa maneno hiyo ni habari ya kutetemesha: kwamba nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya sikio la kushoto, pana mahali padogo ambapo pakidhurika, shairi linabaki ndani na mlango umefungwa.

Broca huyo huyo, aliyetuletea ugunduzi huo mkubwa, alishikilia pia kwamba ubongo mzito ni dalili ya akili nyingi, na kwamba mbari "bora" zina bongo kubwa kuliko mbari "duni". Hakuwa peke yake. Kabla yake Samuel Morton wa Philadelphia, nchini Marekani, alikwisha kujaza mafuvu kwa mbegu za haradali, kisha kwa risasi ndogo za bunduki, ili ajue kila mbari ina nafasi kiasi gani kichwani. Hivyo karne ya kumi na tisa iliishika njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ilikuwa ni kuuliza ubongo unafanya nini na wapi. Ya pili ilikuwa ni kuupima kwa ratili, ili kujua nani aketi juu na nani aketi chini. Njia ya pili ndiyo iliyosafiri kwa haraka zaidi kuja kwetu.

Iliingia na Wadachi. Mwaka 1907 msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulianzia Bukoba kuelekea Rwanda, na ndani yake alikuwamo mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, mwenye bikari ya chuma ya kupimia vichwa vya walio hai, na masanduku ya kutilia vichwa vya waliokufa. Mafuvu mengi aliyoyakusanya Rwanda yalipelekwa Berlin. Huko Uhehe, kichwa cha Mtwa Mkwawa kilikwisha kuchukuliwa tangu mwaka 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwadai Wajerumani wakirudishe, nacho hakikurudi hadi 1954, Gavana Edward Twining alipokileta Kalenga. Namna alivyokipata ni kisa cha ajabu: katika makumbusho ya Bremen yalikuwamo mafuvu yapatayo 2,000, na Twining alichagua kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, kisha akalitwaa lile lenye tundu la risasi. Bikari ile ile iliyopeleka ikatumika kurudisha.

Lakini fuvu ni chungu tu. Kilichotafutwa siku zote ni kilichomo. Katika Afrika ya Mashariki chungu kilifunuliwa Nairobi, katika miaka ya 1930.

Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akiangalia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya Waafrika kwa maelfu, akadai kuwa nafasi ya ubongo ndani yake ni ndogo na kwamba inaacha kukua mapema. Mwaka 1933 yeye na wenziwe waliunda mjini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mwenziwe, F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya utafiti wa tiba ya serikali, alizitoa bongo za watu waliofariki, akaziweka mizanini, akazikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Mwaka 1934 alichapisha majibu yake katika jarida la anatomia la Uingereza. Wastani wa ubongo wa mwanamume Mwafrika wa Kenya, alisema, ni gramu 1,276. Wa Mzungu ni gramu 1,428. Akaongeza kwamba ganda la nje la ubongo, lenye chembe za kijivu, nalo ni jembamba zaidi kwa Mwafrika.

Gramu 152. Msomaji asidhani huo ulikuwa mchezo wa wazee wa maabara. Shule ndiyo iliyokuwa ikipimwa katika mizani ile. Gordon alionya kwamba elimu ya Kizungu huenda ikauvuruga ubongo usioweza kuibeba. Maneno hayo yalisemwa katika koloni ambalo walowezi walikuwa wakibishana na serikali kama kijana wa Kiafrika afundishwe kusoma vitabu au afundishwe kushika jembe tu, na wakati ule ule, ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, vijana wa Kiafrika walikuwa wakisomea udaktari, na anatomia ikiwamo.

Basi na tuufunue ubongo wenyewe, taratibu, kama Vint alivyoufunua, tuone ile mizani ilikuwa ikipima nini.

Chini ya mfupa wa fuvu mna tando tatu. Wa nje ni mgumu kama ngozi ya ngoma. Wa kati ni mwepesi kama utando wa buibui, na wataalamu wameuita hivyo hivyo. Wa ndani umeshikamana na ubongo, unaingia nao katika kila bonde lake. Kati ya utando wa buibui na ule wa ndani mna maji maangavu, ambayo pamoja na yaliyomo ndani ya vyumba vya ubongo na yanayouzunguka ugwe mgongo hufikia kiasi cha mililita 150. Ndani ya maji hayo ubongo unaelea. Mwana wa kisiwani hahitaji kuelezwa maana ya kuelea: jahazi likiwa nchi kavu halisukumwi na watu kumi, likiwa majini mtoto huligeuza kwa pondo. Ubongo wa gramu 1,400 ukielea katika maji yake hulemea kwa uzito wa gramu zipatazo 50 tu. Kwa hiyo ule uzito uliokuwa ukiandikwa katika madaftari ya Nairobi ni uzito ambao mwenye ubongo huo hakuwahi kuubeba hata siku moja ya uhai wake.

Swali la kwanza, basi: tando zilipimwa pamoja na ubongo, au zilibanduliwa? Maji yalimwagwa, au yalibaki vyumbani? Damu je, iliyomo mishipani? Kila jibu linabadilisha gramu.

Ubongo mkuu ndio unaojaza sehemu kubwa ya fuvu, umegawanyika pande mbili, na uso wake umekunjwakunjwa kama kanga iliyosokomezwa ndani ya kikapu. Kukunjwa huko ni hekima ya nafasi, kwani ganda lake la kijivu, ambalo unene wake ni baina ya milimita mbili na nne, lisingeenea kichwani lau lingetandazwa. Ndani ya ganda hilo ndimo mnamokaa kuona, kusikia, kugusa, kuamrisha viungo, na kusema. Chini yake mna nyuzi nyeupe zinazounganisha mtaa na mtaa. Kisogoni, chini ya ubongo mkuu, umekaa ubongo mdogo, ambao hupima mizani ya mwili: ndio unaomwezesha mchukuzi kupita juu ya ubao mwembamba kutoka ufukweni hadi chomboni akiwa na gunia kichwani. Katikati hushuka shina la ubongo, lenye kuangalia pumzi na mapigo ya moyo bila kutuuliza. Hapo ndipo nyuzi nyingi zinapovukana, za kulia kwenda kushoto na za kushoto kwenda kulia, na kwa sababu hiyo aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo hupooza mkono wa kulia, na mara nyingi huupoteza na usemi.

Shina hilo haliishi mahali penye alama. Linaendelea kushuka na kuwa ugwe mgongo, uliohifadhiwa ndani ya pingili za uti wa mgongo, na kutoka ugwe huo hutoka jozi 31 za neva kwenda mwilini, zaidi ya jozi 12 zinazotoka ubongoni penyewe. Aliyeshika kisu huamua mwenyewe akate wapi. Akikata juu, ubongo hupungua. Akikata chini kidogo, huongezeka. Vint alilinganisha bongo alizozikata yeye Nairobi na bongo zilizokatwa na watu wengine, Ulaya, kwa mikono mingine na desturi nyingine.

Hoja hizi zilikusanywa na Phillip Tobias, mwanaanatomia wa Afrika Kusini, katika makala yake ya mwaka 1970 ambayo ningependa kila mwalimu wa baiolojia aisome. Tobias alihesabu mambo yanayobadilisha uzito wa ubongo hata kabla mbari haijatajwa: jinsia, ukubwa wa mwili, umri wa kufa, chakula cha utotoni, kazi na hali ya maisha, ugonjwa uliomwua mtu, saa zilizopita tangu afe, joto la mahali alipolazwa, mahali pa kukatia, tando, maji, damu. Hakuna utafiti wa kulinganisha mbari uliokuwa umeyasawazisha yote hayo. Na bongo za Nairobi zilikuwa za nani? Zilikuwa za maskini waliofia katika hospitali za koloni, katika zama za njaa na nzige na kodi ya kichwa. Ndiyo, kodi hiyo nayo iliitwa ya kichwa.

Hata tukiukubali wastani ule kama ulivyo, bado una mkosi wake. Mshairi Walt Whitman wa Marekani, ambaye mashairi yake yamefasiriwa kwa lugha nyingi za dunia, alipofariki mwaka 1892 ubongo wake ulipimwa: gramu 1,282. Sita tu zaidi ya Mkenya wa Vint. Ubongo wa Anatole France, mwandishi wa Kifaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulikuwa na gramu 1,017. Wa Ivan Turgenev wa Urusi ulikuwa na gramu 2,012, karibu maradufu, wala sijakutana na msomaji aliyesema kwamba riwaya za Turgenev ni bora maradufu. Ubongo wa Albert Einstein, uliotolewa mwaka 1955, ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wale waliosemwa kuwa elimu itawavuruga. Na ndovu, mwenye ubongo wa kilo karibu tano, angestahili kutufundisha sote.

Siku hizi wanaochunguza ubongo hawahesabu gramu bali huhesabu chembe. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili, akiwamo Suzana Herculano-Houzel, walionyesha kwamba ubongo wa binadamu una neva-chembe zipatazo bilioni 86. Ajabu ni mgao wake: takriban bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo wa kisogoni, ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na bilioni 16 tu zimo katika ganda la ubongo mkuu. Wingi wa chembe haufuati uzito wa nyama. Tena chembe zenyewe si kitu bila maungano yake, na maungano hufumwa maisha yote, kwa kuona, kwa kuigiza, kwa kusemeshwa, kwa kula vizuri utotoni. Mizani haina jicho la kuona hayo.

Hapa naomba nafasi ya kusema neno la mfasiri. Istilahi za ubongo kwa Kiswahili ni ramani ya historia yetu. "Ubongo" ni neno la Kibantu cha kale. Waganda na Wanyankole husema obwongo, Wanyarwanda ubwonko, kwa hiyo Rumanyika na Bombay wangelielewana kwa neno hilo bila mkalimani. "Akili" na "fahamu" tumezipokea kwa Waarabu, na "neva" kwa Waingereza. Vitabu vya zamani vilipenda "mishipa ya fahamu", na mimi naipenda bado ingawa ina hila: mshipa hupitisha damu, na neva haipitishi damu bali hupitisha habari, kwa umeme mdogo na kwa dawa zinazorushwa kutoka chembe hadi chembe. Washairi wetu, nao, waliiweka hekima moyoni na kuiacha bongo kwa wajanja. Ndiyo maana Dar es Salaam, mji unaotaka ujanja, ukaitwa Bongo, na jina likaenea hata likaifunika nchi nzima ya Bara.

Turudi Nairobi. Fedha ambazo kina Gordon waliziomba Uingereza kwa ajili ya utafiti mkubwa zaidi hawakuzipata, na ile sayansi ya mbari ikaanza kunuka baada ya dunia kuyaona ya Hitler. Lakini wazo halikufa; lilibadilisha kanzu. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba mwenendo wake unafanana na wa Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Upasuaji aliokuwa akiutaja ni ule ulioanzishwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1935, wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu hiyo ya mbele na ubongo uliobaki. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1949, tuzo ambayo leo inatajwa kwa haya. Maana ya ulinganisho huo ni nzito kuliko gramu zote za Vint: kwamba Mwafrika mzima ni sawa na Mzungu aliyekatwa. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamwita Carothers aeleze saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kuporwa ardhi ni ugonjwa wa aliyeporwa. Frantz Fanon, daktari wa akili na mpiganaji, alimjibu katika kitabu chake cha 1961. Jibu la vitendo lilikuwa la Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyeanza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa huko Aro, karibu na Abeokuta, wakiwa wanaishi vijijini pamoja na jamaa zao. Baadaye Lambo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers.

Sijaisahau pua ya Bweranyange. Nadharia ya Speke ilivuka mto Kagera ikaingia Rwanda, ikapokewa na Wajerumani, kisha na Wabelgiji, ambao katika miaka ya 1930 waliwahesabu watu na kumpa kila mmoja kitambulisho chenye kutaja kundi lake, Mtutsi, Mhutu au Mtwa, baada ya wataalamu kupima vichwa na pua. Aliyepandishwa kwa nadharia hiyo jana, kesho yake aliwindwa kwa nadharia hiyo hiyo. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliwahutubia watu wa Kabaya kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera huzunguka Karagwe na Kyerwa kabla ya kwenda ziwani. Mwaka 1994 wavuvi wa ziwa hilo waliokota maiti.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Karagwe nayo ilipokea maelfu kwa maelfu, na kambi zikasimama Kagenyi na Rubwera, katika nchi ile ile ya Rumanyika, upande ambao tangu 2012 umekuwa wilaya ya Kyerwa. Walioishi chini ya maturubai ya Rubwera hawakuwa wa aina moja. Walikuwamo waliokimbia kisu, na walikuwamo waliokishika, na watoto wa wote wawili walipanga foleni moja ya maji. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha, na kambi zikavunjwa. Tangu 2019 sehemu ya misitu ya huko ni Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, na jirani yake Ibanda-Kyerwa. Jina la mfalme aliyeuliza habari za jua limepewa miti na wanyama, na wamelistahi.

Ama yale masanduku ya Wadachi, mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani: 904 yalitambuliwa kuwa ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Safari hii hapakutumika bikari wala mizani. Wazee wa Uchagga walitoa mate yao, yakalinganishwa na kilichobaki mfupani, na fuvu moja lililoandikwa "Akida" likapata wajukuu wake: lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwezi wa Machi 1900. Mengi ya mafuvu yaliyobaki hayakuwa yameandikwa jina la mtu.